Sketi ya Baba Anita

Leo saa kumi kasoro dakika kumi alasiri, pale Tegeta, mbele ya watu ishirini na watatu na simu moja iliyokuwa laivu, nimemvisha mzee wa miaka sabini na moja sketi fupi ya shule na ribani mbili za waridi kichwani.

Mzee ana sharubu. Naomba mlishike hilo, litawasaidia kupata picha.

Sikumvisha kwa mikono. Ningetumia mikono ingekuwa afadhali, angenizaba kibao mapema tukaishia hapo. Nimemvisha kwa kazi ya miezi minane, kwa akili timamu, nikihakikisha na nyota zipo machoni.

Ngoja nirudi mwanzo, kwa mpangilio. (Mnanijua, mie ni mtu wa mpangilio. Ndiyo maana imeniuma mara mbili.)

Wale wa rika langu mtavikumbuka vile vitabu vitatu vyembamba vya Tekla na Bahati. Tulivisoma mpaka majalada yakatoka. Tekla na Bahati ni marafiki wa kijiji kimoja huko Songea, kando ya mto wenye daraja la kamba. Kitabu cha kwanza, baiskeli ya Bahati inaibwa. Cha pili, wanaisaka. Cha tatu wanaipata, lakini wakati wa kurudi daraja linakatika. Tekla yuko huku, Bahati yuko kule, anainua mkono, anapiga kelele: "Nisubiri!" Mwisho.

Mwisho! Mie nilikuwa darasa la sita. Nilitafuta kitabu cha nne mpaka nikamaliza sekondari.

Hakikuwepo. Aliyeviandika, Mwalimu Domitila, alipata presha ya macho. Sasa amestaafu, yuko Tegeta, anaona rangi na maumbo makubwa tu, na herufi hazioni kabisa. Mwaka jana nikamfuata nyumbani kwake. Nikamwomba tuwaendeleze Tekla na Bahati, ila safari hii kwa michoro, kwa ule mtindo wa Kijapani wa manga ambao vijana wa siku hizi wanaufia: macho makubwa, nywele za ncha ncha, na kitabu kinafunguliwa kutoka kulia.

 Mwalimu akasema, na nilinukuu palepale: "Mwanangu, hao watoto wamekaa ng'ambo muda mrefu mno. Mtu awavushe."

Akatoa sharti moja. Barua ya ridhaa angeisaini siku atakayowaona kwa macho yake haya haya yaliyobaki. "Wawe watoto wangu walewale," akasema. "Ukiniletea watoto wa watu wengine, sisaini."

Kwa hiyo lieleweni hili: bila sahihi hiyo, hakuna kitabu. Kurasa sitini na nne zinakuwa karatasi za kufungia maandazi.

Mchoraji ni Zai wa Temeke. Zai akikuchora, mama yako atakupenda upya. Mimi kazi yangu ilikuwa kuandika hadithi na kulinda ukweli. Nililinda, jamani! Nina daftari la kurasa arobaini. Kovu la Tekla liko goti la kushoto, kitabu cha kwanza. Bahati anapiga mluzi akiogopa, kitabu cha pili. Mbuzi wa jirani ana pembe moja. Kila kitu kina ushahidi na namba ya ukurasa.

Sasa mwezi wa pili wa kazi, Zai akanitumia ujumbe. Bado ninao kwenye simu, leo nimeusoma kama mara thelathini:

"Bosi, huyu Bahati ni wa kike au wa kiume?"

Nikamjibu ndani ya dakika ileile:

"Wa kike bana. Si kila mtu anajua?"

Sikufungua daftari. Kwa nini nifungue? Bahati nilikuwa naye tangu darasa la sita. Nilimjua. Tekla na Bahati, mashoga wawili wanachota maji, wanachekana, wanaazimana khanga mvua ikinyesha. Zai akamchora. Na alimchora, ndugu zangu! Macho kama visahani. Ribani mbili. Sketi inayoishia pale ambapo mwalimu wa nidhamu anaanzia kazi.

Mtaniuliza: Mwalimu hakukagua? Alikagua. Ndipo mtego ulipokuwa. Kwa sababu haoni, nilimpigia simu kila Jumapili nikamsomea maneno ya kwenye viputo vya mazungumzo. Maneno tu. "Sogea!" "Sogea wewe!" "Umevuta shuka lote!" Na Kiswahili chetu mnakijua. Bahati alikuja, Bahati alisema, yeye, wake, naye. Unaweza kumsomea mtu kurasa sitini na nne na asijue kama anayevutwa shuka ana ndevu au hereni. Mwalimu alikuwa anacheka kwenye simu mpaka anakohoa. Kuna Jumapili alilia. Akasema: "Hapo umempata Bahati kabisa. Ndivyo alivyo."

Ndivyo alivyo. Mie nikaandika kwenye daftari: "Mwandishi kathibitisha."

Tufike leo.

Saa saba mchana nimechukua nakala moja ya mfano kwa mchapaji Mwenge, pamoja na bango. Bango lilikuwa wazo langu. Mwalimu haoni vitu vidogo, basi tumletee kikubwa: Tekla na Bahati, kimo cha mtu mzima, rangi za kuwaka, na majina yao chini kwa herufi za shibri nzima. Bajaji iliyotubeba mimi na Zai ililazimika kuliacha bango lichomoze nje, limeviringishwa, na kila tulipopunguza mwendo watu walituuliza tunauza mazulia bei gani.

Saa nane na nusu tumefika. Uani kumepangwa viti, watu wengi ni wanafunzi wa zamani wa Mwalimu, wengine na vipara vyao. Aliyekuwa anapanga viti ni mume wa Mwalimu, Baba Anita. Ndivyo mtaa mzima unavyomwita, na mkewe pia. Aliendesha malori ya Songea miaka thelathini, ana mabega ya kazi hiyo, na sharubu nilizozitaja.

"Shikamoo Baba Anita."

"Marahaba mwanangu. Hilo ndilo bango? Leta nikusaidie, wewe mikono yako ya kalamu."

Akalibeba yeye. (Alijibebea mwenyewe. Hili nimelifikiria sana njiani kurudi.)

Tukalisimamisha kwenye mbao mbili, tukalifunika khanga mbili zilizoungwa kwa kamba. Zai akapewa mwisho wa kamba. Mpango ulikuwa rahisi: Mwalimu anazungumza, mimi natikisa kichwa, Zai anaachia, khanga zinaanguka, watu wanapiga makofi, Mwalimu anasaini. Kalamu nilishaiweka mezani, juu ya barua.

Nilikuwa na hofu moja tu, nayo ilikuwa ni ile ya kufungua kitabu kutoka kulia. Niliandaa maelezo ya dakika saba. Nikampa nakala jirani wa Mwalimu, Bi Mwanahamisi, mama mtu mzima wa Lindi anayefundisha watoto juzuu kibarazani kwake, nikasafisha koo nianze.

"Bibi, kitabu hiki kinaanzia..."

Alishakifungua. Kulia. Yuko ukurasa wa tatu, kidole kinatembea.

"Kinaanzia nini?" akauliza.

"Hapana Bibi, endelea tu."

"Kwani ulidhani kitanishinda? Mie nasoma hivi tangu nina miaka mitano. Nyie ndio mmechelewa."

Watu wakacheka, nami nikacheka. Nikajisemea, hofu yangu yote imekwisha, siku imenyooka. Nilikunywa na soda.

Saa tisa na dakika arobaini Mwalimu alisimama. Binti yake Anita alikuwa mbele na simu, anarusha laivu kwa ndugu zao wa Songea. Mwalimu alikuwa na kitenge kipya. Akashika meza, akaanza taratibu, kama anaita mahudhurio.

"Wanangu, nina siri. Nimeikalia tangu nilipoandika kitabu cha kwanza. Watu wameniuliza sana, Mwalimu, Tekla ni nani? Tekla ni mimi. Goti hili hapa, kovu lipo."

Makofi. Nikafungua daftari, nikaweka alama ya vema kwenye kovu.

"Wengine wananiuliza, na Bahati? Nilikuwa nawajibu, Bahati ni Bahati. Leo nasema. Bahati hakubaki ng'ambo. Alivuka. Na leo asubuhi kanipikia chai."

Nikaanza kuangalia huku na huku. Namtafuta bibi mmoja mchangamfu mwenye asili ya ribani. Nilimtilia shaka mama aliyevaa gauni la njano. Nikaandika: "Bahati: gauni la njano?"

"Simama, Baba Anita," Mwalimu akasema. "Watu hawalijui hata jina lako. Huyu ndiye Bahati."

Baba Anita alisimama. Alikuwa na trei ya vikombe mkononi, na uso wake, naweza kuapa, ulikuwa umeshangaa kuliko wangu.

Mnajua ile hali ya kuteleza, ambapo mwili bado haujafika chini ila akili imeshafika? Niliona sketi. Niliona ribani. Niliona ukurasa wa kumi na tisa, ule wa shuka. Nikageuka kwa Zai, na Zai ananitazama mimi, mkono kwenye kamba, anasubiri nitikise kichwa.

Sikutikisa kichwa. Nilipiga kelele kwa nguvu zangu zote:

"Acha! Zai, acha! ACHA!"

Naomba kila mmoja wenu ajiulize: mtu ameshika kamba, unamwambia acha. Anafanya nini?

Zai aliacha.

Khanga zikaanguka.

Niliwahi kuhudhuria misiba yenye kelele kuliko uwanja ule. Hata kuku wa jirani alinyamaza. Bahati alisimama pale kwenye bango, kimo cha mtu mzima, macho kama visahani yenye nyota mbilimbili, kidole kimoja mdomoni, amekonyeza. Sketi inapepea. (Zai alisema upepo unaleta uhai.) Chini yake, herufi za shibri nzima: BAHATI.

Na pembeni yake Bahati mwingine, na trei.

Baba Anita aliweka trei chini. Akatoa miwani mfukoni, akaifuta kwa shati, akaivaa, akasogea. Akasoma jina. Akapanda na macho mpaka kwenye ribani. Akashuka mpaka kwenye sketi. Hapo akatulia.

"Huyu ni nani?"

 Nilikuwa nachunguza soli za viatu vyangu.

"Baba," Anita akasema nyuma ya simu, "ni wewe."

Bi Mwanahamisi akalitazama bango. "Mashallah," akasema. "Kapendeza."

Uwanja ukalipuka. Mtu mmoja alianguka na kiti chake cha plastiki. Kutoka kwenye simu ya Anita nilisikia ukoo mzima wa Songea ukipiga vigelegele, halafu sauti ya mzee mmoja ikiuliza kwa uchungu: "Bahati kafanywaje?"

Mwalimu alikuwa bado amesimama, anakunja macho kuelekea bango.

"Mbona mnacheka? Mie naona waridi tu. Nielezeni. Wewe," akaninyooshea kidole, "wewe ndiye wa ukweli na ushahidi. Nieleze kilichopo."

Basi nikaeleza. Mbele ya watu wote, kama anayesoma taarifa ya habari.

"Kuna Tekla, Mwalimu, upande wa kushoto."

"Ndiyo."

"Na kulia kuna Bahati."

"Kavaa nini?"

"Kavaa... sare ya shule, Mwalimu."

"Kaptula?"

"Si kaptula sana."

"Kaptula ni kaptula. Kavaa nini?"

"Sketi, Mwalimu."

"Ya nani?"

"Ya kwake."

Alikaa. Alikaa taratibu sana, akipapasa kiti. Sikuwahi kumwona mtu mzima akishtuka kwa utulivu namna ile. Akasema kwa sauti ndogo: "Umemfanya mume wangu msichana."

Hapo ningeomba radhi, mambo yakaisha. Mtu mwenye busara angeomba radhi. Mimi nilifungua daftari.

"Mwalimu, kwa heshima zote, nina ushahidi. Kitabu cha kwanza, ukurasa wa thelathini na moja. Nanukuu: Bahati alikaa kibarazani akisuka mpaka jua likazama."

"Akisuka tenga!" Mwalimu akafoka. "Tenga la kuku! Wanaume wote kwetu wanasuka matenga!"

"Haikuandikwa tenga, Mwalimu. Imeandikwa akisuka tu."

"Kwa hiyo kila anayesuka anasuka nywele?"

"Kitabu cha pili, arobaini na nne. Tekla alimfunga Bahati khanga."

"Mvua ilikuwa inanyesha! Ulitaka nimwache afe na baridi kwa sababu ana kaptula?"

Na hapo, kana kwamba sijamaliza kuzama, Bi Mwanahamisi aliyekuwa bado na nakala, kidole kikitembea kutoka kulia, akafika ukurasa wa kumi na tisa.

"Astaghfirullah! Domi! Hawa watoto wako wamelala kitanda kimoja!"

"Nani?"

"Tekla na Bahati! Shuka moja! Na mguu wa huyu umemkaa huyu tumboni!"

"Umenisomea kwamba wanagombania shuka!" Mwalimu akanigeukia. "Mie nilijua wako juu ya lori, wanajifunika baridi!"

 Kwenye laivu, yule mzee wa Songea akauliza: "Kumbe walianza mapema?"

"Baba mkubwa, hapana!" Anita akapiga kelele. Kisha akamgeukia mama yake, kwa sauti ya chini: "Mama, eti?"

Nikajaribu kujitetea mara ya mwisho. Nikasema, Mwalimu, kwenye vitabu vyote vitatu, mimi sikuona mahali palipoandikwa mvulana. Wala kijana wa kiume. Angekuwa ameoa au ameolewa ningejua, lakini kitabu kinaisha wana miaka kumi na mitano, hakuna harusi. Nikawageukia wanafunzi wake wa zamani, nikawauliza, nyie mlijua Bahati ni nani?

Wakapiga kura wenyewe, kwa mikono. Nimehesabu mara mbili. Waliosema mvulana: kumi. Waliosema msichana: tisa. Waliobaki walikuwa wanakula.

"Hata wewe, Festo?" Mwalimu alimwuliza mmoja, baba mzima mwenye kipara, kwa kumtambua sauti. "Nilikufundisha darasa la nne."

"Samahani, Mwalimu. Nilijua ni shoga yake Tekla. Nilimpenda kweli. Nilikuwa nataka nimwoe."

Watu wakaanza kucheka tena, ila kicheko kilikatika chenyewe. Mwalimu alikuwa ameshika mdomo. Akasema, si kwetu, ni kama anajisemea: "Niliandika barua ya mapenzi. Kurasa mia tatu. Nusu yao wamesoma hadithi ya mashoga wawili kisimani."

Nilitamani bango liniangukie.  Daftari lote lile, na neno mapenzi halikuwemo.

Sasa sikilizeni jambo ambalo sikulitarajia. Baba Anita alikuwa bado mbele ya bango, miwani puani. Akakohoa.

"Mama Anita," akasema. "Na mimi niinue mkono?"

"Upande gani?"

"Wa wasichana."



"Usinitanie, Baba Anita."

"Sikutanii. Nimesoma vyote vitatu, nikiwa safarini. Kijijini kwetu kulikuwa na Bahati wawili. Mie, na yule binti wa fundi saa mliyekuwa mnachota naye maji. Nikajua umemwandika yeye. Hukuniambia lolote. Miaka yote hii kuna jambo limenikaa hapa." Akajigusa kifua. "Najiuliza, huyu mwanamke kanipenda kweli? Mbona baiskeli yangu mimi, iliyoibwa nikalia siku tatu, kampa Bahati yule? Mbona hata mluzi wangu kampa yule?"

"Baiskeli ilikuwa yako!"

"Sasa ndiyo najua. Leo. Mbele ya sketi."

Ndugu zangu, nimekaa kwenye mikutano mingi na kuandika mengi. Sijawahi kuona mume na mke wanatazamana hivyo, mmoja haoni vizuri na mwingine miwani imeingia ukungu, katikati yao msichana wa futi sita anakonyeza.

Zai aliokota khanga, akaanza kulifunika bango polepole.

"Mwalimu," nikasema, "tutachora upya. Zai atamvisha kaptula. Kitanda tutakitoa. Kurasa zote."

"Mtachora upya," Mwalimu akasema.

"Wasichore," Baba Anita akasema.

"Nini?"

"Huyu binti ana kosa gani? Kwanza macho yake mazuri kuliko yangu. Watu kumi hapa wamemjua hivi, na mie wa kumi na moja... hapana, tisa na mie kumi. Ngoma droo, Mama Anita."

"Wewe ni Bahati au si Bahati?"

"Mpaka saa tisa leo nilikuwa siye."

"Baba Anita, twende ndani."

Wakaingia ndani. Mwalimu alipitia mezani, akapapasa, akachukua barua. Kalamu akaiacha. Baba Anita akageuka, akaichukua kalamu. Kisha akageuka tena, akalitoa bango kwenye mbao, akaliviringisha, akaliweka begani, akaingia nalo. Mlango ukafungwa.

Tulisubiri. Wageni waliondoka mmoja mmoja, kila mmoja akinipa pole ya msiba. Festo alinibana mkono kwa muda mrefu. Zai alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, hanitazami.

"Nilikuuliza," akasema hatimaye. "Nilikuuliza, bosi. Wa kike au wa kiume."

"Najua."

"Na uliniambia acha."

"Najua, Zai."

"Nikaacha."

Saa kumi na mbili jioni Anita alitoka. Tukasimama wote wawili kama watu wa hospitali.

"Wamesema muende nyumbani."

"Wamesaini?"

"Baba anamsomea Mama kitabu cha kwanza. Kila wakifika kwenye jina la Bahati wanasimama, wanabishana. Wako ukurasa wa sita."

"Na barua?"

"Baba kaikalia."

Ndiyo nimefika nyumbani Sinza sasa hivi. Viatu bado miguuni. Anita kanitumia ujumbe mmoja tu: wako ukurasa wa thelathini na moja, pale kwenye kusuka, Mama analia, Baba anacheka, na bango limesimamishwa sebuleni karibu na meza ya chakula. Nimeuliza kuhusu sahihi. Hajajibu.

Najua mnacheka. Laivu imeshazunguka, nimeiona kwenye makundi mawili, na kuna mtu kaniita "fundi sketi". Sawa. Ila kabla hujacheka zaidi, panda juu, usome kisa hiki upya kutoka mstari wa kwanza. Kisha uniambie, kwa ushahidi: mimi ninayekusimulia, ni kaka au ni dada?